Rudufu na akiba: neno lipi linalinda mafaili yako?

SWALI: Nimenunua kisanduku cha kuhifadhia mafaili, chenye diski mbili, kinachounganishwa na ruta ya nyumbani. Kijitabu chake kinasema: "Mafaili yako yanahifadhiwa kwa nakala rudufu, hivyo yako salama." Mwanangu anashikilia kwamba neno sahihi ni "rudifu". Nani mkweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwa tahajia, kijitabu kimepatia. Neno ni rudufu, la ukoo mmoja na maradufu. Kurudufu ni kukifanya kitu kiwe mara mbili, na ndiyo maana wanaisimu wakaita urudufishaji ule mtindo wetu wa kusema polepole na harakaharaka. "Rudifu" huandikwa sana, lakini mzizi wake siuoni.

Kinachonisumbua mimi ni lile neno "hivyo". Kurudufu hakuahidi usalama. Kunaahidi tu kwamba kitu kimoja kitakuwa viwili. Kwenye kisanduku chako, ukiwa umechagua mpangilio wa diski pacha, kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa papo hapo kwenye ya pili. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi, na hiyo ni faida kubwa. Mafundi huita mpangilio wa aina hii reidi, jina lililoenea kutokana na makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Lakini ukifuta picha za harusi kwa bahati mbaya, zinafutika pande zote mbili sekunde ileile. Kirusi kikiyafunga mafaili ili udaiwe fidia, kinafunga pacha wote wawili. Mwizi naye habebi diski moja akakuachia nyingine, na umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuunguza kisanduku kizima.

Kitenzi kuhifadhi nacho hakikusaidii hapa. Tunahifadhi Kurani kifuani, tunahifadhi nyama kwenye friji, tuna Hifadhi ya Taifa ya Serengeti: kote huko maana ni kutunza kisipotee wala kisiharibike, bila kueleza kama kipo kingine cha kukirithi.

Neno ninalolipendekeza, na nalisema kwa msisitizo kwa sababu watu wanapoteza picha za wazazi wao, ni nakala ya akiba. Akiba ni kile ulichokitenga ukiwa hukitumii. Sikiliza watangazaji wa mpira: mchezaji wa akiba yuko benchi, nje ya uwanja, na yanayowapata walio uwanjani hayampati. Nakala ya akiba nayo iwe hivyo: diski ya nje unayoichomoa ukishamaliza kunakili, au hifadhi ya mtandaoni inayotunza matoleo ya nyuma ya mafaili. Mpigapicha Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu za kila faili, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumba. Nakala rudufu mbili zilizo ndani ya kisanduku kimoja hazitimizi kanuni hiyo, hata ziandikwe kwa tahajia nzuri namna gani.

Najua wataalamu wengi hutumia "nakala rudufu" kwa maana zote mbili, na simu za Android zilizowekwa Kiswahili husema tu "hifadhi nakala". Sitamsahihisha mtu anayezungumza hivyo barazani. Kwenye kijitabu cha kifaa ambacho mtu atakabidhi humo vyeti na picha za familia, tofauti hiyo lazima ionekane. Sentensi yao ningeiandika hivi: "Mafaili yako yanarudufiwa kwenye diski mbili ili moja ikiharibika kazi isisimame, weka pia nakala ya akiba nje ya kifaa hiki, na ujaribu kuyarejesha mafaili kutoka humo kabla hujayahitaji."