Hiyo harufu ya gesi iliwekwa, haikuja yenyewe

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya gesi hapa Nakuru, iwe unapeleka mitungi na boda ama unafunga bana za jiko la gesi kwa vibanda vya chipsi, wacha niwaambie vile karibu niwashe watu nikiwa na wiki mbili tu kazini. Ilikuwa Kaptembwo jioni, giza limeingia, nimefika kibandani nasikia gesi inanuka vibaya sana na mimi kwa akili yangu ya ugeni nikasema kwanza niwashe taa nione inavujia wapi. Nikabonyeza swichi. Taa haikuwaka, tokeni ya stima ilikuwa imeisha. Hiyo tokeni ndio iliniokoa, sio ufundi.

Mzee aliyekuwa ananifunza hakunipigia kelele, alinitoa nje, akafunga valvu kwa kupapasa, halafu baadaye tukinywa chai akanionyesha kwa simu picha ya mnara wa ukumbusho wa graniti uliosimama katikati ya barabara mbele ya shule. Mji unaitwa New London, uko Texas kule Marekani, sio huu mtaa wetu wa London hapa Nakuru kando ya dampo la Gioto. Tarehe 18 Machi 1937 alasiri, dakika chache kabla watoto waende nyumbani, mwalimu wa ufundi aliwasha mashini ya msasa, cheche ikapata gesi iliyokuwa imejaa chini ya jengo, shule ikanyanyuka na kuanguka. Walikufa karibu 300, wengi watoto. Mnara wenyewe ulijengwa 1939.

Na hiyo haikuwa shule maskini, ilikuwa juu ya mafuta kabisa. Lakini walitaka kupunguza bili, wakaacha kununua gesi ya kawaida wakaunganisha paipu kwa laini ya gesi ya mabaki ambayo makampuni ya mafuta yalikuwa yanachoma tu. Ukiona mtu amefunga paipu na tyubu ya baiskeli badala ya klipu, ni akili hiyo hiyo. Watoto walikuwa wanalalamika kichwa kinauma lakini hakuna aliyeshuku gesi, kwa sababu wakati huo haikuwa na harufu. Texas ikatunga sheria mwaka huo huo gesi itiwe dawa ya kunuka, na kwengine wakafuata. Kwa hivyo hiyo mekaptani, yaani dawa yenyewe ya kunuka, unayoisikia kwa mtungi wa kilo 6 ukipanda nao Free Area, ilianza kulazimishwa juu ya hao watoto.

Sasa usidhani pua inatosha. Sachangwan, 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, petroli ilinuka kila mahali na watu bado walikuwa wanachota, wakafa zaidi ya 110, na siwalaumu, njaa tunaijua. Pia pua inachoka, ukikaa ndani dakika kadhaa husikii tena, unaanza kufikiri imeisha kumbe ni wewe umezoea.

Gesi ya New London ilikuwa ile nyepesi ya kupanda juu. Yetu ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, inaingia kwa mtaro, inatambaa mpaka kwa jiko la makaa la jirani, kwa hivyo kunusa ukiwa umesimama hakutoshi, inama. Ukiisikia funga valvu, fungua mlango, toa watu, na swichi usiiguse kabisa, si kuwasha si kuzima, maana hata kuzima kunatoa cheche (hapa ndio wengi wanakosea). Simu piga ukiwa nje. Liki tafuta na povu la sabuni, mimi natembea na chupa yangu ndogo, na ukiona fundi anatafuta na kiberiti ondoka hapo hata kama ndiye mdosi wako.

Kingine, kutu ndani ya mtungi inaweza kula hiyo dawa ya harufu. Kastoma akikuambia gesi yake siku hizi hainuki hata kidogo na anafurahia, usifurahi naye, beba huo mtungi urudishe dukani.