Jibu: Mchanga wa mtoni kwa sikilidi wa Tanganyika

Habari mkuu. Umeuliza kama mchanga wa mtoni, ule wa kujengea, utawafaa sikilidi, samaki wa kufugwa wenye asili ya Ziwa Tanganyika, kwenye tangi la kioo la sentimita 120 kwa 45. Unafaa, ila uchekeche kwanza: samaki hawa hubugia mchanga na kuutema, punje zenye ncha zitawachubua. Udondoshee siki, ukitoa mapovu una chokaa, na kwao si kasoro, maana maji ya ziwa lile yana madini mengi. Kina cha sentimita 5 kitakula kama kilo 40. Osha kidogo kidogo kwenye ndoo, ukikoroga kwa mkono, hadi maji yasibaki na tope.

Mawe yatangulie mchanga, yakae imara chini kabisa. Ukiyaweka juu yake watachimbua, yataporomoka na kupasua kioo. Pampu uiwashe vumbi likishatuama.