Mama mkwe ameniletea senene, nami siwezi kuwala

SWALI: Nimezaliwa na kukulia Tanga, na mume wangu ni mtu wa Bukoba. Novemba iliyopita mama yake alitutumia kopo la senene waliokaangwa. Mwenzangu alikula kwa furaha, mimi nikashindwa hata kuonja, na tangu siku hiyo ananiambia kwamba ninawadharau watu wa kwao. Je, wadudu hawa ni halali kwetu Waislamu? Na nifanyeje tutakapokwenda kwao msimu ujao?
Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yetu, tuanze na la dini. Hadithi inayojulikana sana imehalalisha mizoga ya aina mbili, samaki na nzige, na senene ni wa jamii moja na nzige. Hata hivyo, kwa kuwa wanazuoni wametofautiana kuhusu wadudu wengine, ni vyema umuulize sheikh wako. Kumbuka pia kwamba pweza na ngisi unaowala bila wasiwasi, kwa kuwa watu wa pwani wengi tunafuata madhehebu ya Shafii, jirani yako wa madhehebu ya Hanafi hawagusi.

Kinyaa ni jambo jingine, na hakina uhusiano mkubwa na usafi. Mtoto hujifunza mapema, kwa kutazama nyuso za wakubwa wake, kipi kinaliwa na kipi hakiliwi, na akishajifunza, mwili wake hukataa kabla akili haijapata nafasi ya kusema neno. Kamba wa Tanga ana miguu mingi, vipapasio virefu na macho yaliyotokeza, lakini wewe humwoni hivyo, kwa sababu ulimkuta tayari chunguni. Mtoto wa Bukoba naye huwakuta senene nyumbani mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza: wamenaswa usiku kwa taa kali, wamenyonyolewa mbawa na miguu mmoja mmoja, kisha wametiwa chumvi na kukaangwa polepole kwa mafuta yanayotoka miilini mwao wenyewe, hadi wanakuwa wakavu na rangi ya kahawia. Kazi hiyo ya kunyonyoa huchosha vidole, na ndiyo maana kopo lile lilikuwa zawadi kubwa kuliko ulivyodhani.

Kwa hiyo mumeo ana haki ya kuumia ikiwa ulikunja uso, ila hana haki ya kukulazimisha ule. Na hapa nitaongeza jambo ambalo huenda yeye mwenyewe halijui: kwa mila za zamani za Wahaya, wanawake ndio waliowakusanya na kuwaandaa senene, lakini walaji walikuwa wanaume. Mkamwana asiyewala si kioja kipya katika nchi ile.

Mtakapofika, kaa na mama mkwe mnyonyoe pamoja, umwombe akufundishe kuwakaanga, na ukiandikiwa sahani useme tu, "Mama, mimi bado sijazoea." Ukijisikia kuonja, anza na mmoja aliyekauka vizuri. Lakini kama ukila kamba unawashwa mwili au unavimba midomo, usionje kabisa, kwa sababu mwenye mzio wa kamba anaweza kudhurika pia na wadudu, na jambo hilo umweleze mumeo kabla hamjasafiri.