GB 48 za kache, na bado seva inahema

Msomaji ameleta swali: seva yake ina GB 64 za RAM, kazi yake ni PostgreSQL tu, yaani programu ya hifadhidata. Alipandisha shared_buffers, kache ya PostgreSQL yenyewe kwenye RAM, hadi GB 48 akitafuta kasi. Mashine ikawa nzito kuliko mwanzo, na mara mbili miunganisho yote imekatika kwa mpigo. Sote tunaotunza hifadhidata tunakijua kishawishi hicho: RAM ipo, basi ijazwe.

PostgreSQL kwa kawaida husoma diski kupitia kache ya Linux. Kwa hiyo ukurasa uleule, yaani kipande cha data cha KB 8, unaweza kukaa sehemu mbili, kwenye shared_buffers na kwenye kache ya Linux. Ukinenepesha ya kwanza, unaibana ya pili. Nyaraka za PostgreSQL zenyewe zinashauri kuanzia robo ya RAM, na kusema kupita asilimia 40 ni nadra kuleta nafuu. Kwake yeye, robo ni GB 16.

Lakini kinachoangusha seva ni work_mem, kiasi cha RAM cha kupangia data. Wengi hudhani ni kiwango cha mfumo mzima. Sivyo! Kila upangaji wa data ndani ya swali moja (query) unaweza kuchukua kiasi hicho chote. Weka MB 64, miunganisho 200, kila swali lipange mara mbili: 64 × 200 × 2 ni MB 25,600, yaani GB 25. Jumlisha na zile 48, umeshapita 64. Linux ikiishiwa RAM huua mchakato mmoja, na PostgreSQL hulazimika kukata mingine yote, maana kumbukumbu wanayoishiriki huenda imeharibika. Basi hesabu work_mem kwanza, ndipo ugawe kache. Usianzie kwenye kache, nasisitiza.

Mpangilio wa effective_cache_size hautengi hata baiti moja; ni makadirio tu ya kuisaidia PostgreSQL kuchagua njia ya kujibu swali. Uache kando.

Kisha pima. Washa pg_buffercache, nyongeza inayoonyesha kilichomo kwenye shared_buffers, endesha:

SELECT usagecount, count(*) FROM pg_buffercache GROUP BY 1 ORDER BY 1;

Zidisha kila idadi kwa KB 8. Alama (usagecount), inayoonyesha ukurasa umetumika mara ngapi karibuni, huanzia 0 hadi 5. Kurasa zikirundikana kwenye 4 na 5, data inayoguswa mara kwa mara inagombania nafasi, na kuongeza kunaweza kusaidia. Zikijaa kwenye 0 na 1, au mstari usio na alama (nafasi tupu) ukiwa mkubwa, huenda umetenga kupita mahitaji, punguza. Usidanganywe na blks_read, hesabu ya PostgreSQL ya kurasa ilizosoma nje ya shared_buffers: huhesabu hata kurasa zilizotoka kwenye kache ya Linux bila diski kuguswa.

Work_mem hubadilika kwa kupakia upya mipangilio, ila shared_buffers hudai kuwasha upya PostgreSQL, na hapo kache huanza tupu. Nyongeza ya pg_prewarm, ikiwa tayari imepakiwa kupitia shared_preload_libraries, huandika orodha ya kurasa zilizomo na kuzirudisha PostgreSQL ikiwaka; ila mpangilio huo nao hudai kuwasha upya, hivyo uuweke mapema. Bila hiyo, vipimo vya saa za mwanzo usivitumie kuamua chochote.