Insulini kwenye basi la Mbeya–Dar

Umeuliza kama insulini, dawa ya kisukari ya kuchoma, unaweza kuiweka buti pamoja na barafu. Hapana mkuu, isiende buti, na barafu isiguse kichupa. Insulini ikishaganda imeharibika. Hata ikiyeyuka ikaonekana nzima, usichome. Kichupa ulichokwishaanza kutumia hakidai friji: aina nyingi hukaa wiki 4 hivi mradi joto lisizidi nyuzi 30 (soma karatasi iliyo ndani ya boksi, zinatofautiana). Kwa hiyo Uyole, pale Mbeya, hadi Iringa presha si kubwa, baridi ya Makambako inakusaidia. Kazi inaanza ukishateremka mlima Kitonga: Ruaha Mbuyuni mpaka Morogoro ni joto tupu, na buti huwa tanuri. Poza chupa ya chai kwa maji baridi, yamwage, ikaushe, tia kichupa kimezungushiwa kitambaa, kaa nayo mapajani upande usio na jua.

Insulini ya mlo, ile inayochomwa wakati wa kula, usichome kabla sahani haijafika mbele yako. Basi likisimama dakika 10, wali unaweza kukupita, na ukichoma bila kula sukari inashuka. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, kunywa nusu chupa ya soda yenye sukari, halafu pima sukari tena baada ya dakika 15.