Kizunguzungu kisichoisha baada ya kuumia kichwa: je, mazoezi hayatamzidishia?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mke wangu alianguka kwenye bodaboda wiki sita zilizopita akagonga kichwa. Alipigwa CT scan, tukaambiwa hakuna damu wala mfupa uliovunjika, ni mtikisiko wa ubongo. Hadi leo akijigeuza kitandani nyumba inamzunguka, na akiwa sokoni au ndani ya daladala anapata kichefuchefu. Anameza sinarizini, dawa ya kizunguzungu, kila siku na muda mwingi amelala. Nimesikia kuna mazoezi ya kizunguzungu, lakini kila akitikisa kichwa anazidiwa. Hayatamwumiza zaidi? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Poleni sana, na mfikishie shemeji pole zangu. CT scan huona damu na mifupa. Haioni kama sikio la ndani linafanya kazi sawasawa, wala jinsi ubongo unavyopatanisha taarifa za masikio, macho na shingo. Kwa hiyo picha inaweza kuwa safi na mtu bado akayumba. Shemeji hajifanyi.

Mazoezi yatamletea kizunguzungu kidogo, ni kweli, na ndivyo yanavyotibu. Ubongo hurekebisha kosa pale unapokutana nalo. Asiyegeuza kichwa anaunyima nafasi hiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Calgary, Kanada, waliwatibu shingo na mfumo wa usawa vijana ambao dalili zao zilikuwa zimegoma kuisha baada ya mtikisiko wa ubongo. Ndani ya wiki 8, 11 kati ya 15 waliruhusiwa kurudi michezoni. Katika kundi ambalo halikupata tiba hiyo, aliruhusiwa mmoja kati ya 14. Utafiti ni mdogo, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza.

Ila msianze na mazoezi yoyote mnayoyaona kwenye simu. Kwanza ijulikane ni kizunguzungu gani, na kwa maelezo yako nahisi anacho zaidi ya kimoja.

Hicho cha kitandani kinanifanya nifikirie chembe za chokaa. Sikio la ndani lina chembe ndogo sana zinazotusaidia kuhisi mvutano wa dunia. Kichwa kikigongwa zinaweza kung'oka na kuingia kwenye mirija ya sikio inayopima mzunguko. Mtaalamu humketisha mgonjwa kitandani, humgeuza kichwa nyuzi 45, humlaza haraka kichwa kikining'inia kidogo, kisha humtazama macho. Kama ni chembe, macho hucheza kwa sekunde kadhaa, kwa kawaida chini ya dakika moja, halafu hutulia. Hapo hufuata mzunguko wa Epley: kichwa hugeuzwa hatua kwa hatua hadi chembe zirudi mahali pake. Wengi hupata nafuu siku hiyohiyo. Chembe zilizong'olewa na ajali, hata hivyo, mara nyingi hudai kurudiwa, na huweza kuwa masikio yote mawili. Shingo ichunguzwe kabla ya yote hayo, maana aliyeanguka bodaboda huenda ameumia shingo pia.

Kichefuchefu cha sokoni na cha daladala ni jambo jingine. Kichwa kikigeuka kulia, macho hupaswa kwenda kushoto kwa kasi ileile ili unachokitazama kisitikisike. Mpango huo ukilegea, ubongo hujishikiza kwenye macho kupita kiasi, na umati wa watu unamchanganya. Hapa ndipo mazoezi yanapohitajika. Andikeni herufi moja kubwa kwenye karatasi, mbandike ukutani usawa wa macho. Akae kwenye kiti umbali wa mkono mmoja, aitazame, ageuze kichwa kulia na kushoto kidogo kidogo. Herufi ibaki inasomeka; ikianza kufifia, apunguze kasi. Sekunde 20 hadi 30 zinatosha mwanzoni, mara tatu kwa siku. Baadaye atafanya amesimama, halafu mtatundika kanga yenye maua mengi nyuma ya karatasi ili macho yapate kazi. Sokoni aende mapema, kabla watu hawajajaa.

Kabla ya kila zoezi akipe kizunguzungu chake alama, kuanzia 0 hadi 10. Kikipanda zaidi ya alama 2, au kisipotulia ndani ya dakika 20, kipimo kilikuwa kikubwa, apunguze, asiache.

Kulala mchana kutwa hakumsaidii tena. Mapumziko ya kweli ni siku moja au mbili za mwanzo, kisha mtu aanze kutembea taratibu. Sinarizini nayo hutuliza kwa kuzima zile taarifa ambazo ubongo unazihitaji ujifunze. Mwombeni daktari mpango wa kuipunguza. Mwombeni pia rufaa ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na mazoezi, na mkifika ulizeni waziwazi kama wanapima chembe za sikio.

Akianza kutapika mfululizo, kuumwa kichwa kunakoongezeka, kuona viwili viwili, kusinzia isivyo kawaida, ulimi kuwa mzito, kupata degedege au upande mmoja wa mwili kulegea, acheni mazoezi mumkimbize hospitali saa hiyohiyo.