Moto maabara: anza na mlango

Pole mwalimu, na wanafunzi wako pia. Umesema taa ya spiriti ilipinduka, kijana akaimwagia maji, moto ukasambaa mezani, na darasa zima likagombania mlango mmoja kwa sababu wa nyuma una kufuli. Unauliza uanze na nini, fedha ikiwa kidogo.

Anza na kufuli hilo. Haligharimu kitu: mlango wa nyuma usipofunguliwa, kipindi cha vitendo kisianze. Hapo usikubali mjadala na mtu.

Kisha weka ndoo mbili za mchanga mkavu, na usiruhusu zigeuzwe jalala. Mchanga unafaa kwa spiriti iliyomwagika, na unafaa kwa sodiamu, ambayo ikiguswa na maji hutoa haidrojeni na kulipuka.

Taa yenyewe izimwe kwa kifuniko chake, isipulizwe. Kuongeza spiriti kungoje ipoe kabisa. Mwali wa spiriti mchana hauonekani vizuri. Mtu hudhani imezimika, anamimina, moto unapanda hadi kwenye chupa aliyoshika.

Nguo ikishika moto, mtoto asikimbie. Alale chini mumfunike blanketi zito la sufu. Palipoungua papitishiwe maji ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno hapana, mafuta hapana. Ameungua uso au mikono, au ana malengelenge makubwa? Mpelekeni hospitali.

Moto ukishapita meza moja, usipambane nao. Funga gesi kama unaifikia, toa watoto, wahesabu, piga 114, namba ya Zimamoto Tanzania. Na mkuu wa shule awaandikie Zimamoto wa wilaya waje kukagua.